Naomba ushauri: sinywi pombe, nimepewa kazi ya kuandika maelezo ya bia

Mchumaji wa Wete

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote.

Mie ni Mpemba, nafanya kazi kwenye mgahawa wa hoteli moja pwani ya mashariki ya Unguja. Kabla ya hapo nilikuwa natembeza wageni kwenye mashamba ya viungo kule Kizimbani, kwa hiyo kuvunja jani, kumnusisha mtu na kumweleza anachokinusa ni kazi niliyoizoea. Hilo ndilo lililoniponza. Meneja wetu mpya kaagiza bia za krafti, zile za viwanda vidogo, kila chupa na aina yake: kuna ya ngano, kuna nyeusi tititi, kuna chungu, kuna zenye ukali wa ukwaju. Anataka kila moja iandikiwe maelezo kwenye menyu, halafu pawe na jioni ya kuwaonjesha wageni, na msemaji niwe mie. Eti aliyeweza kumpambanulia mgeni gome la mdalasini na jani lake hashindwi na bia.

Sasa mie sinywi, sijapata kunywa na sina nia. Meneja analijua hilo na wala hajanilazimisha. Kaniambia tu, "We andika, nani atajua?" Hapo ndipo roho inapokataa. Sitaki kumwambia mtu kitu kina ladha fulani na mie sikijui.

Je, mtu anaweza kuandika mapitio ya bia kwa ukweli bila kuitia mdomoni? Na hizi aina nizisomee vipi, maana kwenye lebo naona majina tu, IPA, stauti, gose, sijui lambiki. Suala la kuacha kazi nishalizungumza na wazee wangu, tafadhali tusilirudie.

Pweza wa Nazi

Nimeshawahi kiti cha mbele. Wajuzi njooni.

Ibn Chwaka

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Umesema tusilirudie, sitalirefusha, ila kunyamaza nako ni kuzito. Hadithi ya watu kumi waliolaaniwa kwa sababu ya pombe unaijua. Mnywaji ni mmoja tu kati yao. Mwenye kuibeba yumo na mwenye kuinywesha yumo. Omba wakuhamishie kwenye juisi na chai za viungo, ukawaonjeshe wageni huko. Pua yako haitakosa kazi. Allah akufanyie wepesi.

Mchumaji wa Wete

Amin, sheikh wangu, nimekusikia na sijakasirika. Ombi la kuhamishwa nishalipeleka, naambiwa mpaka msimu wa wageni upite. Nauliza kwa ajili ya kipindi hiki cha katikati.

Kaunta Kuu

Mdogo wangu, mimi nimesimama nyuma ya kaunta kuanzia Bagamoyo hadi Nungwi. Ngoja tupige hesabu kwanza.

Kuna utaratibu wa majaji wa bia unaoitwa BJCP, ulianza Marekani mwaka 1985, na mashindano mengi ya wanaotengeneza bia nyumbani huufuata. Kila bia hupewa alama juu ya 50. Harufu ina 12, muonekano 3, ladha 20, namna inavyokaa mdomoni 5, na 10 ni za jumla. Jumlisha sasa zilizo mikononi mwako: pua na macho, 15. Zile 35 ziko kwenye kinywa cha mtu mwingine. Ukizitunga, mgeni aliyekulia Ubelgiji au Ujerumani atakujua kabla glasi haijafika nusu, na siku hiyo meneja hatasimama upande wako. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba sehemu yako unaweza kuiandika kwa ukweli mtupu, na sehemu iliyobaki utaiazima kwa mtu anayekunywa.

Ila usizidharau hizo 15. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu inayopanda puani kutokea kooni. Mwenye mafua anakula biriani kama anakula wali mkavu.

Sasa aina. Usikariri majina, utachanganyikiwa. Ukinusa jiulize: harufu hii imetoka kwenye nini? Bia ina kimea, hopsi, hamira na maji. Basi, mengine ni nyongeza.

Kimea ni shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa. Ikikaushwa kwa moto mdogo inanukia mkate. Ikikaangwa mpaka iwe nyeusi inatoa kahawa na chokoleti, na hapo ndipo stauti na pota, zile bia nyeusi, zinapopata rangi yao. Pota ilianzia London karne ya 18, stauti ikazaliwa humo. Mtu anayejua kahawa chungu ya Jaws Corner hahitaji kufundishwa harufu ya stauti.

Hopsi ni maua ya mmea unaopanda kwenye kamba, ndiyo yanaleta uchungu. Lakini yanaleta na harufu, na harufu hizo zinatofautiana kwa nchi. Zile hopsi za Marekani zinazopendwa kwenye IPA, ile bia chungu yenye hopsi nyingi, zinanukia balungi, embe, nanasi. Za Wacheki na Wajerumani zinanukia maua na majani, kwa mbali pilipili manga. Hizo ndizo za pilsna, ile bia ya rangi ya dhahabu iliyotengenezwa mara ya kwanza Plzeň mwaka 1842.

Kwenye hamira sasa ndipo ninapokuonea wivu. Bia ya ngano ya Bavaria inanukia ndizi mbivu na karafuu. Hakuna ndizi humo wala karafuu, ni hamira imefanya yenyewe wakati wa kuchachuka. Kitu kinachonukia karafuu kwenye bia hiyo ni ndugu wa karibu kabisa wa eujenoli, ambayo ndiyo iliyo kwenye mafuta ya karafuu zenu. Kuna wataalamu wanaonunua vichupa vya harufu kutoka nje wajifunze kuitambua. Wewe umelala juu ya majamvi yake.

Nyongeza: bia nyeupe ya Ubelgiji hutiwa mbegu za giligilani na ganda la chungwa. Gose, ya Ujerumani mashariki, hutiwa giligilani na chumvi na ina ukali. Lambiki ya maeneo ya Brussels haipandikizwi hamira, huachwa wazi ishikwe na hamira za hewani, ndiyo maana inanukia zizi la farasi. Usicheke, hiyo ni sifa.

Na tofauti ya laga na eli: laga huchachushwa kwenye ubaridi, nyuzi 7 hadi 13 hivi, kisha hulazwa baridini. Inatoka safi, haina mambo mengi puani. Kilimanjaro, Safari na Serengeti zote ni laga. Eli huchachushwa kwenye joto zaidi, nyuzi 15 hadi 24, na hamira yake ndiyo inayoleta matunda na viungo.

Unusaji wenyewe: usinuse mdomo wa chupa. Mimina kwenye glasi iliyosuuzwa vizuri, nusu glasi, izungushe, nusa mara moja fupi, ondoa pua, rudi. Na usinuse ikiwa imetoka kwenye barafu. Laga ni sawa kwa nyuzi 4 hadi 7, lakini stauti nzito isubiri ifike 10 na kuendelea. Bia iliyoganda hainukii kitu, na hilo ndilo kosa la nusu ya kaunta za nchi hii.

Kitale

Mkuu kwani si ateme tu? Wanaoonja mvinyo wanatema.

Mchumaji wa Wete

Haitaingia mdomoni, kaka. Hilo nimelifunga.

Kitale

Basi zipo zisizo na kilevi, afanyie mazoezi hizo.

Ibn Chwaka

Na hizo asome lebo. Ujerumani bia yenye kilevi hadi asilimia 0.5 inaruhusiwa kuitwa isiyo na kilevi. Iliyoandikwa 0.0 ni habari nyingine. Watu wengi wanazichanganya.

Mangi wa Kike

Kaka Kaunta Kuu umemaliza upande wa pua, mimi niongeze upande wa huyo mwonjaji wa kuazima. Nimekulia Kibosho kwenye mbege, bibi yangu alikuwa anapika, na uchungu wa mbege unatoka kwenye gome la msesewe, hopsi hatuzijui. Bibi hakuwa anamuamini mwonjaji mmoja. Alikuwa anaita wawili, mmoja anakunywa huku, mwingine kule nyuma ya nyumba, ndipo awaulize.

Wewe fanya hivyohivyo. Tafuta wawili kaunta wanaokunywa, wakae mbalimbali, kila mmoja aandike kabla hawajaongea. Wakishaongea tu imeharibika, mwenye sauti kubwa ndiye atakayekuwa na ulimi. Waanze na nyepesi, waishie na nyeusi na zenye kilevi kikubwa, kwa sababu ukianza na IPA chungu kila kitu baada yake kitaonekana maji. Wapewe vifundo tu, si glasi nzima, na kati ya bia na bia maji na kipande cha mkate mkavu. Wasiwe wametoka kula urojo.

Na wewe ndiye uulize maswali, hapo kutokunywa kwako kunakusaidia, maana hutawalisha maneno. Uliza: utamu umekuja mwanzo au mwisho? Uchungu umebaki au umeondoka? Nzito kama uji au nyepesi kama maji? Gesi inachoma? Usikubali jibu la "tamu" au "iko poa". Mwambie nani kasema iko mbaya, mimi nataka kujua ikoje.

Pweza wa Nazi

Natangaza nafasi: mwonjaji wa pili, najitolea bure, nauli ya daladala mpaka Paje juu yangu.

Stoo Malindi

Mimi nashughulika na kupokea na kutunza vinywaji, nitasema ambalo hamjaligusa. Kabla hujasifia bia hakikisha haijafa. Bia hizi zimesafiri, nyingi hazijachujwa, na hapa kwetu kuna joto, jua na umeme wa kukatika. Bia ya hopsi nyingi ikipigwa na jua inanuka kicheche. Si kwa kutia chumvi, mwanga unavunja vitu vya hopsi na kinachotoka ni harufu ya jamii hiyohiyo. Chupa ya kahawia inakinga vizuri, ya kijani kidogo sana, nyeupe haikingi. Kwa hiyo zile bia zilizopangwa dirishani zipendeze, mwambie meneja azitoe leo.

Iliyokaa joto muda mrefu inanuka kadibodi lililorowa. IPA ndiyo inaumia haraka, harufu yake ya matunda inakufa kwanza. Ukikuta harufu ya siagi, au mahindi ya kuchemsha kwenye bia isiyostahili, weka pembeni na umwite mkubwa. Haya yote ni ya puani, kwa hiyo asiyekunywa anaweza kuwa mlinzi mzuri wa stoo kuliko wanywaji. Angalia na tarehe.

La mwisho, menyu msiichape kwenye karatasi ya gharama. Mwanzoni mwa 2024 vibali vya waingizaji vilipobadilishwa mnakumbuka vinywaji vilivyoadimika hapa kisiwani. Bia za krafti huja kidogokidogo hata siku za kawaida. Tumieni ubao na chaki.

Mchumaji wa Wete

Nawashukuru mno. Nimekaa na wenzangu wawili wa kaunta, mmoja wa Moshi mmoja wa Songea, tukafanya kama Mangi alivyosema. Wa Moshi aliandika "tamu" nikamrudishia karatasi. Hii ndiyo rasimu ya bia ya ngano, naomba mniambie:

"Bia ya ngano ya mtindo wa Bavaria. Rangi ya asali changa, ina ukungu kwa sababu haikuchujwa, povu jeupe nene linalokaa. Inanukia ndizi mbivu, kisha karafuu, si karafuu kavu ya gunia bali ile mbichi ikiwa bado na kikonyo. Hakuna kiungo kilichotiwa, harufu ni ya hamira. Wenzetu wa kaunta walioionja wanasema ni laini sana na tamu mwanzoni, uchungu ni mdogo, gesi nyingi. Inafaa na pweza wa kuchoma."

Kaunta Kuu

Hii nzuri kuliko nyingi nilizozisoma kwenye hoteli za nyota tano. Marekebisho mawili. "Laini sana" toa hiyo "sana". Na pweza wa kuchoma, umemla pamoja na bia hiyo nani? Kama ni hao wawili, waweke wao waseme. Kama hakuna, ifute mpaka mtu ale.

Mchumaji wa Wete

Hakuna aliyekula. Naifuta. Kesho jikoni kuna pweza, nitamwambia wa Songea.

Mangi wa Kike

Na wa Moshi umpe sahani yake pembeni, wasikae meza moja.