Theluji ya Oktoba, miti yenye majani na nyaya za umeme: naomba ufafanuzi

Mkaazi wa Buffalo

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, na sasa naishi na familia yangu Buffalo, jimbo la New York. Kila ifikapo Oktoba, wenyeji wa mtaa wetu hukumbushana dhoruba ya tarehe 12 na 13 Oktoba 2006, iliyomwaga theluji ya takriban sentimita 57, ikavunja miti mtaa hadi mtaa na kuziacha baadhi ya nyumba gizani kwa zaidi ya wiki. Linalonitatiza ni kwamba Januari pia theluji huanguka kwa wingi, na miti ile ile husimama salama. Mbele ya nyumba yetu upo mti mkubwa wa mepo, ule ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada, na tawi lake moja limepita juu ya waya unaotuletea umeme. Je, nina sababu ya kuhofu?

Mtunza Miti

Ndiyo, unayo. Januari mti huwa umepukutisha majani, hivyo theluji nyingi hupita katikati ya matawi na kufika chini. Oktoba majani bado yapo, na kila moja ni kiganja kilichokunjuliwa kuipokea. Isitoshe, theluji inayoanguka joto likiwa karibu na sifuri huwa na maji mengi na hunata. Sentimita 10 za theluji ya namna hiyo huweza kuwa na uzito wa kilo 10 hadi 20 kwa kila mita ya mraba, ilhali ile kavu ya baridi kali huweza kuwa na kilo 5 tu. Mwaka 2006 hewa baridi ilipita juu ya Ziwa Erie, lililo kando ya Buffalo, maji yakiwa bado na vuguvugu la kiangazi, ikabeba unyevu mwingi na kuumwaga juu ya mji.

Litazame lile tawi pale linapoungana na shina. Likiwa limebanana nalo kama herufi V, na gome limeingia katikati, kiungo hicho ni dhaifu na ndicho hupasuka kwanza. Usikubali mtu aukate mti kilele chote, kwa maana machipukizi yatakayoota hapo hushikilia kwa juu juu tu na huvunjika kwa urahisi.

Fundi Umeme, Connecticut

Huku kwetu, katika jimbo la Connecticut, yalitokea kama hayo tarehe 29 Oktoba 2011, miezi miwili tu baada ya tufani Irene: wateja zaidi ya 800,000 walikosa umeme, na wengine walisubiri zaidi ya wiki. Watu hulalamika kwamba wamesahauliwa, lakini kazi ina mpangilio: njia kuu na vituo vya kupozea umeme hutangulia, pamoja na hospitali, kisha nyaya za mitaani, na mwisho ule waya mmoja mmoja wa nyumba.

Ndugu, jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba bomba lililosimama ukutani, ambalo waya huingilia, kwa kawaida ni mali ya mwenye nyumba. Tawi likiling'oa, itakubidi umtafute fundi mwenye leseni alitengeneze kabla kampuni haijakurudishia umeme. Waya ulioanguka ukae nao mbali, angalau mita 10, hata kama hautoi cheche.

Mama Mlezi

Kaka, naongeza la mkaa. Sisi tuliozoea jiko la mkaa, umeme ukikatika na nyumba ikiwa baridi, mkono huenda huko wenyewe. Nakusihi usiliwashe ndani, wala usiwashe jenereta sebuleni au gereji, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini, na baada ya dhoruba za Oktoba watu wamekufa hivyo. Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka nyumbani.

Mkaazi wa Buffalo

Ahsanteni sana. Mti wenyewe umo kati ya njia ya miguu na barabara. Nimwite mkata miti?

Mtunza Miti

Hapana, huo ni mti wa jiji. Piga simu 311, namba ya huduma za jiji, eleza kwamba tawi liko juu ya waya, na omba likaguliwe kabla ya Oktoba.