Chumba cha baridi cha kata yetu kilijengwa kwa ajili ya picha, nyanya zinaozea mlangoni

Wakuu salamu. Leo naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mimi ni mkulima wa nyanya huku Nyanda za Juu Kusini. Kata sitaitaja, huku tunajuana mpaka mbwa. Tuliambiwa tunajengewa kituo cha kukusanyia mazao: sehemu ya kuchambulia, mizani na chumba cha baridi, ili dalali asitupangie bei kwa sababu tu mzigo unaiva. Tukatoa eneo, tukasomba mawe na mchanga kwa nguvu zetu. Siku ya utepe tukapigwa picha, pilau tukala.

Sasa sikieni jengo lenyewe. Tenga la nyanya linabebwa na watu wawili. Ukivuka tu mlango wa chumba cha baridi unakutana na ukuta, unatakiwa ukate kona kushoto, na kona ile watu wawili na tenga hawaenei. Inabidi mlisimamishe wima. Ukilisimamisha, kilemba, yaani nyanya zilizorundikwa juu ya mdomo wa tenga, chote chini, na nyanya za kitako zinapondeka mpaka maji yanachuruzika kwenye viatu. Kwa hiyo tunaingiza kwa ndoo. Ndoo! Mzigo wa Fuso nzima kwa ndoo. Na hiyo Fuso yenyewe haina pa kugeuzia, inapaki barabarani.

Baridi nayo ni kichekesho. Mashine inataka umeme wa fezi tatu, ule wa mashine kubwa, nguzo yetu ina fezi moja, ule wa nyumbani. Mwanzoni wakaleta jenereta la kukodi, na fundi akaweka nyuzi 4, kama friji ya soda. Nyanya inayoanza kubadilika rangi inataka kama 12 au 13. Ukiiweka chini ya 10 kwa siku kadhaa inagoma kuiva, na ukiitoa inafanya vishimo kisha inaoza. Nilitoa matenga 9, nikabonyeza nyanya moja kwa dole gumba, dole likazama lote. Dalali akacheka, akanipa 6,000 kwa tenga. Nikachukua, ningefanya nini?

Tena humo humo waliingiza vitunguu. Kitunguu kinataka pakavu na upepo! Hata bibi yangu ambaye hakusoma anakitandaza kwenye kichanja.

Mafuta ya jenereta yalipoisha, ndiyo ikawa kufuli. Ukipita sasa hivi utawakuta akina mama wanachambua nyanya chini, juani, wamekaa juu ya viroba, migongo imeegemea ukuta wa chumba cha baridi. Sehemu ya kuchambulia ipo, ila meza ni za zege zinazowafika kifuani, na bomba halijawahi kutoa maji. Choo kimoja, ufunguo anao mlinzi.

Na msiniambie haya mambo yanahitaji wataalamu wa nje. Soko la Kariakoo lilichorwa na Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli, likafunguliwa 1975. Ile miavuli ya zege mnayoiona juu ilikuwa inakinga mvua na kuishusha kwenye tangi chini ya ardhi. Jumla shimoni, rejareja juu, hewa inapita. Moto ulioliunguza soko hilo Julai 2021 ni habari nyingine. Mchoraji yule alijua mzigo unaingilia wapi na mama ntilie anapita wapi. Sisi tuna bati kubwa kuliko la shule, halina hata gata la kukinga maji ya mvua, na akina mama wanachota maji mtoni.

Fedha hazikutosha? Hata kibanda cha kuta za wavu zilizojazwa mkaa, ukaumwagia maji asubuhi na jioni, kinapoza mboga na hakidai umeme. Nigeria kuna vyumba vya sola, mkulima analipia kreti kwa siku. Lakini mkaa haupendezi kwenye picha, eti.

Mchoro tuliuona siku gani? Hatukuuona. Nilipouliza kwenye mkutano wa kijiji nikaambiwa "ni ramani ya kitaifa, haibadilishwi".

Sasa naomba msaada wa kweli, siyo pole. Kama kata yenu ilishapata jengo la hivi mkafanikiwa kubomoa ukuta au kuvuta fezi tatu, mlimwandikia nani kwanza: mtendaji, diwani au mhandisi? Na kamati ya watumiaji mliipataje, maana yetu ina wajumbe ambao hawana hata tuta la mchicha. Nina matenga kama 30 ya kuchuma Jumamosi.