Mrejesho: balbu za LED za ndani ya gari

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini balbu za LED nilizofunga ndani ya gari haziwaki, wakati zile za zamani zilikuwa hazina shida. Aliyesema nizigeuze, Mungu akubariki. LED inapitisha umeme upande mmoja tu. Nilichomoa ile ya T10 (balbu ndogo ya kuchomeka) kwenye taa ya kusomea, nikaigeuza, ikawaka papo hapo. Mwanga mweupe kabisa, hata sindano ikidondoka kwenye kapeti unaiona.

Taa ya dari ndiyo ilinisumbua. Balbu yake ya urefu wa milimita 31 ilikuwa inachezacheza kwenye vishikio, nikavibana kidogo kwa vidole, fyuzi nikiwa nimeshaitoa kama mlivyonisisitizia. Kifuniko nilikibandua kwa kipande cha plastiki, hakikupata hata mkwaruzo.

Tatizo limebaki hapohapo darini: milango ikifungwa, LED inaendelea kuwaka kwa mbali, kwa ule umeme mdogo unaovuja kwenye saketi. Mmoja wenu alishauri niweke rezista (kile kidude cha kuzuia umeme) sambamba na balbu, ili umeme huo unaovuja upitie humo. Sijaiweka bado, hivyo pale nimerudisha balbu ya zamani. Taa ya kusomea na ya buti zimebaki LED. Asanteni sana.