Tupeane uzoefu: mvua ya kwanza ya Septemba, unapanda ao unangoja?

Mwana Bagira (mwenye mada)
Jambo yenu wote. Hapa Bukavu, Kivu Kusini, mashariki ya Congo, vumbi la Julai na Agosti limeanza kutulia. Wiki hii mvua imenyesha mchana, nzito, na mama yangu mdogo wa Kabare ameshanituma soko la Kadutu kumtafutia mbegu ya maharagi. Mbegu nitaitafuta, ila naogopa.

Kiangazi chetu ni Juni mpaka Agosti. Septemba mvua inarudi na kwa kawaida inatufikisha Mei. Ukanda wa mvua unalifuata jua: katikati ya mwaka uko kaskazini ya ikweta, sisi tunabaki na upepo mkavu wa kusini-mashariki, halafu jua likirudi upande wetu na mvua inarudi. Shida ni kwamba hairudi siku moja ikakaa. Inanyesha kidogo, inapotea, jua kali linashika, na mbegu iliyoota inakauka. Mtu wa mlimani mara nyingi hana mbegu ya kupanda mara ya pili, na akikosa maharagi ya Januari, watoto wanakula bugali bila kitu.

Naomba kila mmoja aseme kwao wanajuaje kwamba mvua imefika kweli. Taja na mahali, maana jibu la Walungu si la Uvira.

Mama wa Mudaka
Mwanangu, mwambie achimbe. Mimi siangalii mawingu, naangalia udongo. Achukue jembe, afukue kwenye mteremko, asifukue bondeni ambako unyevu hauishi hata Agosti. Unyevu ukifika shubiri moja kwenda chini, na udongo ukishika donge mkononi, apande. Kama chini bado ni vumbi, hata radi ipige namna gani, mbegu ibaki ndani ya nyumba.

Lakini asingoje sana pia, na hapa vijana wa mjini hamuelewi. Maharagi mafupi yanakomaa kwa karibu miezi mitatu. Yale yanayopanda juu ya miti, kwenye baridi yetu, yanaweza kufika minne. Mwisho wa Januari na mwanzo wa Februari mvua inapungua kidogo, na hilo ndilo jua la kuvunia na kuanikia. Ukipanda Septemba ao mapema Oktoba, unalikuta jua hilo. Ukichelewa mpaka Novemba, maharagi ya miti yanakomaa Machi, mvua ya sezoni B, yaani msimu wa pili wa kupanda, imesharudi, na yanaozea ndani ya maganda. Nimeona mashamba mazuri kabisa yakipotea hivyo. Kwa hiyo kungoja nako kuna hasara.

Mimi nagawa. Shamba la juu, upande wa mlima Kahuzi ambako mawingu hayakauki haraka, napanda kwanza. La chini karibu na ziwa Kivu linafuata.

Papa wa Ngweshe
Namuunga mkono Mama Mudaka kuhusu udongo, ila naongeza kilichotangulia. Huku Walungu vilima vimechoka. Mvua ya Septemba inakuta ardhi uchi, majani yote yameliwa ao yamechomwa, na tone linapiga udongo moja kwa moja. Mvua hiyo ndogo inabeba udongo kuliko ile kubwa ya Novemba inayokuta mimea imeshasimama. Sisi tunazibua mifereji ya kukata mteremko mwezi wa nane, udongo ukiwa mkavu na mgumu, ndiyo, kazi ni chungu. Matete tunapanda kwenye ukingo, mbuzi wanayala kiangazi.

Wa Luvungi
Jibu letu ni fupi. Ukishuka mteremko wa Ngomo kutoka Bukavu unavua koti, na kalenda nayo inabadilika. Bonde letu la Ruzizi liko chini ya mita 1,000, wakati ninyi mko mita 1,500 na zaidi. Milima inabakiza mvua huko juu. Huku hakuna anayeiamini Septemba. Mahindi tunaanza Oktoba, mwaka mwingine Novemba, na mwenye shamba karibu na mfereji analima mchele. Yule anayesikia kwa simu kwamba Kabare wamepanda, akapanda naye, anapoteza.

Mwana Idjwi
Kahawa yetu huku kisiwani inafuata mvua bila kuuliza mtu. Baada ya kiangazi, mvua moja nzuri ikipita, siku chache tu unaona miti imechanua meupe. Lakini mvua ikija vipande vipande, maua nayo yanakuja vipande vipande, na mavuno yanakosa kuiva pamoja. Unapita kwenye mti uleule mara nyingi kuchuma zilizo nyekundu peke yake. Nanasi, shukuru Mungu, halina maneno mengi.

Wa Kalehe
Ndugu zangu, nasoma vizuri, lakini kwetu mvua ya kuogopa si ya kwanza. Ni ya mwisho. Aprili na Mei mlima umeshashiba maji, hauwezi kupokea tena. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, ambayo ni siku ya soko Nyamukubi, mito ilishuka na mawe na miti, ikachukua vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena.

Tangu hapo nyumbani tuna sheria. Mvua ikipiga juu mlimani na mto ukabadilika rangi ghafla, tunapanda juu. Mto ukipungua ghafla wakati mvua inaendelea, tunakimbia zaidi, maana kuna kitu kimeuziba huko juu na kitaachia. Hatubebi kitu. Mnaopanda Septemba, tafadhali msilime mpaka kwenye ukingo wa mto. Acheni miti pale.

Mama wa Mudaka
Pole sana, ndugu yangu. Mungu awatunze.

Muuzaji wa Kadutu
Mwana Bagira, kabla hujanunua: Septemba kila mtu anatafuta mbegu, kwa hiyo bei inapanda. Na mengi yaliyo sokoni ni maharagi ya kula, mchanganyiko wa milima yote, mengine yametobolewa na wadudu. Chagua yasiyo na tundu wala makunyanzi, na uliza yametoka wapi. Yaliyotoka chini kwenye joto hayatafanya vizuri Kabare. Bora zaidi aombe kwa jirani aliyevuna Juni na kuhifadhi kwa majivu.

Mwana Bagira
Asanteni sana. Nimempigia mama mdogo simu, amefukua shamba la juu: unyevu ni vidole viwili tu, chini pakavu. Tumekubaliana mbegu ingoje, afukue tena baada ya mvua inayofuata, na wiki hii mimi na wadogo zangu tunaenda Kabare kumsaidia kuzibua mifereji. Mbegu tumepata kwa jirani yake, atamrudishia Januari.

Watu wa Bunyakiri bado hamjasema neno. Huko nyuma ya Kahuzi, karibu na msitu, kiangazi chenu ni kirefu kama chetu?