Nyimbo za ProTracker zimekwama kwenye flopi za Amiga

MwanaTanga: Wakuu, habari za jioni. Nimeuziwa Amiga 1200, kompyuta ya zamani, hapa Leicester pamoja na boksi la flopi. Mwenye nayo wa zamani alitunga nyimbo kwa ProTracker, programu ya muziki ya Amiga, miaka ya tisini, kaniomba nimtolee. Amiga inazisoma vizuri, lakini nikizitia kwenye draivu ya USB laptopu inasema hazijafomatiwa, inataka izifomati. Nifanyeje?

FundiRedio: Usikubali! Kwanza sogeza kile kidirisha cha pembeni ya kila flopi, tundu libaki wazi, isiandikike.

Flopi zako nzima. PC inaandika sekta (vipande vya data) 9 kwa kila treki, yaani kila duara la flopi, Amiga inaandika 11, zote kwa mkupuo, karibu zimegusana. Ndiyo maana flopi ile ile ni KB 720 kwa PC na KB 880 kwa Amiga. Draivu za USB zinajua mpangilio wa PC tu, kwa hiyo usipoteze hela kununua nyingine.

Mwenye uwezo hapo ni Amiga. Workbench 3.0, mfumo wa Amiga yako, inakuja na CrossDOS, inayoiwezesha kusoma na kuandika flopi za PC: fungua Storage, halafu DOSDrivers, bofya PC0 mara mbili. Tia flopi tupu, uifomati kupitia PC0. Kwa kuwa una draivu moja, nakili nyimbo kwenye Ram Disk (diski ya muda ndani ya kumbukumbu ya Amiga) kwanza, badilisha flopi, ndipo uzipeleke PC0. Flopi ya HD (ya MB 1.44) ina tundu la pili upande wa pili. Lizibe kwa selotepu, la sivyo laptopu itadhani ni ya MB 1.44 na isisome kitu. Ukipata DD halisi (ya KB 720, isiyo na tundu hilo), afadhali zaidi.

Kigogo_Pwani: Mkuu Fundi, haya mambo ya selotepu ya nini siku hizi? Anunue Greaseweazle, kifaa cha kuunganisha draivu ya flopi na laptopu kwa USB, na draivu ya kawaida ya PC ya inchi 3.5. Inasoma sumaku yenyewe, inatoa faili la ADF la baiti 901,120, diski nzima kama ilivyo.

FundiRedio: Kwa boksi zima sikupingi, na michezo yenye kinga ya kunakili haipiti CrossDOS. Ila huyu anataka nyimbo, na chombo anacho mezani.

MwanaTanga: Asante, Fundi. PC0 imetokea! Ninakili sasa hivi?

FundiRedio: Subiri, majina kwanza. Watu wa Amiga waliweka "mod." mwanzoni mwa jina la wimbo, na upande wa PC unabeba herufi 8, nukta, kisha 3. Mod.bahari na mod.bahati zote zitataka kuitwa MOD.BAH. Ziite bahari.mod na bahati.mod zikiwa bado kwenye Ram Disk. Kwenye laptopu zifungue kwa OpenMPT, programu ya nyimbo za aina hii, utaona chaneli zote nne. Na usizime Amiga kabla hujanakili, Ram Disk inafutika.