Kutega shambulio kwenye D&D: mpiganaji wa ngazi ya 5 anapiga mara moja au mbili?

Upepo_wa_Menengai, Nakuru
Wakuu, hamjambo. Meza yetu inacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa kwa dadu, toleo la tano, kanuni za 2014. Mpiganaji wa ngazi ya 5 kasimama kando ya mlango: "Natega. Zimwi likitoka, nalikata." (Kutega, Ready, ni kuandaa kitendo sasa ili ukifanye tukio ulilotaja likitokea.) Limetoka. Anadai mapigo mawili kwa kuwa ana Shambulio la Ziada (Extra Attack, uwezo wa kupiga mara mbili), msimamizi wa mchezo kampa moja. Mchawi naye alitega uchawi wa moto, akajeruhiwa kabla ya kuuachilia, akaambiwa nafasi yake ya uchawi (spell slot, akiba anayofanyia uchawi) imekwenda. Ni haki?

Dadu20_Kisumu
Msimamizi yuko sawa. Kutega kunakula kitendo chako katika zamu yako. Pigo lenyewe linatoka kwa mwitikio (reaction, kitendo cha papo hapo cha kujibu tukio), ndani ya zamu ya zimwi. Shambulio la Ziada linafanya kazi ukichagua kitendo cha Shambulio katika zamu yako mwenyewe. Kwa hivyo ni moja.

Chungeni sana maneno ya mtego. "Likifungua mlango" na "likitoka mlangoni" si kitu kimoja, maana mwitikio huja baada ya tukio kukamilika. Ukisema "likifungua", mlango unafunguka, zimwi bado liko futi 10 ndani, na upanga wako unafika futi 5 tu. Kusogea kisha kupiga hakuna: unatega kitendo au mwendo, si vyote viwili. Na mwitikio ni mmoja hadi zamu yako ijayo ianze. Ukiutumia kumpiga adui mwingine anayekutoroka, mtego umekufa.

Msitu_wa_Kakamega
Niongeze kuhusu mchawi. Uchawi uliotegwa umeshafanywa, umeshikiliwa tu, ndiyo maana nafasi inatumika papo hapo. Kuushikilia kunataka umakini (concentration), na umakini hubeba uchawi mmoja tu kwa wakati. Akiumia, anarusha dadu ya pande 20 kwa Ustahimilivu dhidi ya 10 au nusu ya madhara, ile iliyo kubwa: madhara 14 ni 10, madhara 26 ni 13. Akishindwa, uchawi umepotea. Kama alikuwa ameshikilia uchawi mwingine wa umakini, huo ulikatika pale alipotega. Zimwi lisipotokea, hasara ni ile ile. Heri atege uchawi mdogo usiokula nafasi.

Ufuo_wa_Dunga
Omera, mimi sikubali. Mpiganaji ameacha zamu nzima, halafu anapata nusu ya nguvu zake? Mezani kwetu tunampa mawili.

Dadu20_Kisumu
Ndugu yangu, meza ni yenu, lakini tazama kitakachofuata. Kungoja kukiwa bure, kila mtu atangoja adui aje, na pambano litasimama pale mlangoni. Hiyo nusu ndiyo bei ya kuchagua wakati. Wa kuangalia ni mwizi (rogue): Pigo la Kuvizia (Sneak Attack, dadu zake za madhara ya ziada) ni mara moja kwa kila zamu, si kwa raundi. Akiongezewa kasi kwa uchawi (Haste, unaompa kitendo cha pili), anapiga kwa kitendo cha kasi, anatega kwa kitendo chake cha kawaida, kisha anavizia tena katika zamu ya adui. Ngazi ya 5 hizo ni dadu 3 za pande 6, mara mbili.

Upepo_wa_Menengai, Nakuru
Asanteni. Na zimwi likiuawa humo ndani kabla halijatoka?

Msitu_wa_Kakamega
Kitendo kimekwenda, mwitikio unabaki. Wekeni kizibo cha soda mbele ya kila mchezaji: akitumia mwitikio anakigeuza, zamu yake ikianza anakirudisha. Na mtego uandikwe kwenye karatasi kabla zamu haijapita.