Foronya za kanga za mito ya kochi zimelegea na kupinda, nakosea wapi?

mama_wawili: Habari za jioni wapendwa, naombeni msaada kwa mnaojua cherehani. Nilinunua doti ya kanga nyekundu na nyeupe nzuri sana, nikasema badala ya kuifungia kabatini nishone foronya za mito ya kochi maana za zamani zimechakaa na Idi hiyo inakuja. Mto wangu ni sentimita 45 kwa 45, nikakata vipande 49 kwa 49 ili nisibanwe, nikashona pande tatu, ya nne nikafunga kwa mkono baada ya kuingiza mto. Siku ya kwanza zilipendeza mno. Nilipofua tu basi, imelegea mto unacheza ndani, ua la katikati limekwenda upande, weupe umeshika wekundu, na jina nililikata bila kuangalia, mto mmoja umeandikwa "mwenyeji apone" na mwingine umebaki na "mgeni njoo ". Tena kila nikitaka kufua nifumue kwa mkono nishone upya. Kanga ya pili sijaigusa, naogopa kuiharibu nayo.

fundi_mshono: Pole mama. Usikate kitu kwanza, loweka. Kanga ya dukani ina wanga, ndo maana inasimama vizuri ukiishona, ukifua ule ugumu unaondoka na nguo inarudi kidogo, sasa kama ulishakata hapo huna la kufanya. Loweka peke yake kwenye maji baridi, badilisha maji mpaka yatoke meupe, anika kivulini, piga pasi, ndo uchukue mkasi.

Kipimo nacho, wewe uliongeza wakati kwenye mto wa kochi tunapunguza. Mto wa 45 kata mbele 45 kwa 45, ukitoa sentimita moja ya mshono kila upande inabaki 43, mto unajaa na kona zinasimama. Nyuma achana na kufunga kwa mkono, piga bahasha: vipande viwili vya 45 kwa 30, kila kimoja pindia ukingo mmoja mrefu sentimita 2, vipandishe vipishane katikati kama 11, shona kuzunguka pande zote nne kwa upande wa ndani, geuza. Hakuna zipu wala kifungo, siku ya kufua unachomoa tu mto. Pale vinapopishana rudisha mshono mara mbili maana ndipo panapochanika mapema. Sindano weka namba 11, ile ya 14 inaacha matundu kwenye kanga.

mama_wawili: Asante sana fundi. Na kupinda je? Nilipima kwa futi kabisa na chaki.

fundi_mshono: Ulifuata maua, hukufuata uzi. Kanga nyingine maua yamepigwa yameinama kidogo, ukikata kwa kufuata maua kitambaa kinakuwa mshazari na kikifuliwa kinavutika. Toboa kidogo kwa mkasi halafu chana kwa mkono, kama wanavyochana doti, inakwenda sawa na uzi yenyewe.

bint_mvita: Dadangu mie niko Mombasa, huku twaita leso, na Biashara Street nzima ndiyo kazi yao. La jina nikwambie, usililazimishe kwenye mto wa mraba, maandishi mengi ni marefu kushinda 45. Pima jina lenyewe kwanza kisha shona mto mrefu mmoja wa kuweka katikati ya kochi, jina lote likae mbele, ile miraba ipe mji, yaani ile sehemu ya katikati ya leso, na pindo. Nyuma usipoteze leso, tia kitambaa cha rangi moja kilichopo kwenye pindo. Na mbele tia bitana nyeupe, leso ni nyepesi, mto wa ndani ukiwa na rangi waonekana. Mie za mamangu zina bitana na bado zimenyooka, naona uchungu mtu akikata jina vipande viwili, lile ndilo leso yenyewe.

kijana_wa_sufi: Kuongezea tu, kama mto wako ni wa sufi hakikisha mfuko wa ndani ni kitambaa kizito kilichofumwa kwa kubana, sufi ni laini inapenya kwenye kanga, mwisho kochi zima manyoya. Sponji haina shida hiyo.

mama_wawili: Wangu ni sponji, shukrani. Bint Mvita umenigusa, nimepima jina la kanga iliyobaki ni sentimita 62, kwa hiyo mto mrefu wa katikati nautafutia sponji yake. Nimeshailoweka tangu magharibi, maji ya kwanza yametoka mekundu kama juisi ya rozela, ya pili afadhali. Alfajiri nabadilisha tena.